Kosa ni la Aliyeliona

Kiwanda chetu cha vidonge kiliandika makosa arobaini na moja mwaka ule. Nchi ya Bilakosa, yenye kiwanda cha dawa kikubwa mara tatu kuliko chetu, haikuwa imeandika hata moja kwa miaka karibu thelathini. Meneja wetu aliziweka tarakimu hizo mbili mezani, akanitazama. Mimi, Tatu Semboja, nilikuwa mkaguzi wa ubora, na mengi ya makosa yale niliyaandika kwa mkono wangu. "Nenda ukajifunze wenzetu wanafanyaje," akaniambia. Nilikwenda, nikafika. Safari yenyewe haina habari.

Bilakosa ni nchi safi, nalisema hili mapema kwa kuwa ni haki yao. Barabara zimefagiwa, watu wana adabu, na salamu zao ni ndefu. Pale mpakani askari hakuniuliza hati wala chanjo. Aliniuliza, "Bibi, macho yako yanaona vizuri?"

Nilijibu, kwa fahari kidogo, kwamba yanaona vizuri sana.

"Pole," akasema, na alimaanisha. Akafungua droo, akanipa miwani ya vioo vyenye ukungu. "Uivae kazini. Ni kwa usalama wako."

Kiwandani nilipokelewa na Karani wa Kumbukumbu, Bwana Faki, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole na mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Alinitembeza kutwa nzima. Sakafu ziling'aa. Wafanyakazi, makoti meupe na barakoa, waliinamisha vichwa, kila mmoja akitazama vidole vyake tu. Mtu wa tangi hakuitazama mizani, na mtu wa mizani hakulitazama ghala. Kila nilipogeuza shingo kuangalia kazi ya jirani, Bwana Faki alinigusa kiwiko taratibu, kama mtu anayemzuia mgeni asikanyage mkeka na viatu.

Nilimwomba anieleze siri ya mafanikio yao.

"Dada Tatu," akasema, "huko kwenu, kosa linafikaje mezani kwa mkubwa?"

"Analileta mfanyakazi aliyeliona."

"Analileta yeye?"

"Ndiyo, yeye."

"Basi umeshajijibu. Aliyelileta ni yeye."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba zamani baraza la kiwanda lilichoshwa na makosa: leo chupa yenye ufa, kesho vidonge vyenye rangi mbili. Wajumbe walichunguza chanzo chake kwa muda wa mwezi mzima, wakagundua kwamba hapakuwa na kosa hata moja lililowahi kufika barazani bila mtu kulileta. Ndipo wakatunga sheria yenye maneno manne: *Kosa ni la aliyeliona.* Mwaka wa kwanza walihukumiwa watu sitini. Mwaka wa pili, kumi na wawili. Mwaka wa tatu, mmoja, naye alikuwa mgeni kazini.

"Tangu hapo?"

"Tangu hapo hukumu ni za nadra, na huwa hatuziandiki katika hesabu ya makosa, kwa sababu mwenye kosa akishaondoka huondoka nalo."

Vyeo navyo vilifuata mkondo huohuo. Mtu mwenye macho makali hakupandishwa, kwa kuwa alikuwa hatari kwake mwenyewe na kwa jamaa zake. Mwangalizi Mkuu, Mzee Mlekwa, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari alijitolea kumpasua bure, naye akakataa. Alisema upasuaji ungemtia doa katika utumishi wake wa miaka ishirini na sita. Lakini alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Aliwajua wafanyakazi wote kwa sauti zao, na aliwaulizia watoto wao kwa majina.

Siku ya pili nilihudhuria kikao cha baraza. Ajenda ilikuwa nzi. Alikuwa ameingia katika chumba cha kujazia chupa, mahali ambapo hata vumbi haliruhusiwi, na alikuwa na siku ya nane humo. Hakuna aliyeweza kusema kuna nzi, maana angekuwa amemwona. Lakini nzi yule alikuwa na mlio, na mlio husikika. Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba sheria inataja kuona tu, kwa hiyo sikio halina hatia. Mwingine akapinga kwamba sikio likiachiwa, jicho nalo litadai haki zake. Mjumbe wa tatu, mama mzito mwenye busara ya vikao, akasema kitu chochote kinachoshinda kazini na kutoa sauti, bila jina katika orodha ya mishahara, kwa kawaida huitwa kibarua. Hoja ikapigiwa kura, ikapita. Bwana Faki akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba mle chumbani mna kibarua wa muda ambaye mkataba wake unaisha Ijumaa. Na kweli Ijumaa mlio haukusikika tena. Niliuliza kama kuna aliyetafuta alikoangukia. Nikajibiwa kwamba vibarua hawafuatwi makwao.

Wageni wa Bilakosa hulazwa majumbani mwa wafanyakazi, nami nilipelekwa kwa Sihaba, mpimaji wa chumba cha mizani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwepesi wa kazi na mzito wa maneno. Kwa miaka kumi na tisa kila kitu kilichoingia katika dawa za nchi ile kilipita mikononi mwake kwanza: poda, chumvi, sukari, rangi. Aliishi na binti yake wa miaka tisa, Zaina. Siku ya soko nilifuatana nao hadi ukingo wa kijito kinachokata mji. Sihaba aliweka kapu chini, akasimama. Ng'ambo ya pili palikuwa na bustani za mchicha na bamia, na mwanamume mmoja aliyeegemea jembe. Walitazamana kwa muda wa kumenya ndizi, hivi. Zaina akapunga mkono. Kisha tukarudi.

"Yule ni baba yake," Sihaba aliniambia njiani. "Mabruki. Alikuwa fundi wa matangi. Miaka sita iliyopita aliona ufa katika tangi la kuchanganyia."

"Akasema?"

"Akasema."

Ng'ambo ile iliitwa Mtaa wa Waonaji. Waliohukumiwa hupelekwa huko, na mwenye kuvuka kijito kwenda kuwaona haruhusiwi kurudi. Nilikuja kutambua baadaye kwamba mafundi, wakemia na wapimaji bora wa nchi ile karibu wote walikuwa huko, wakilima mchicha.

Siku ya sita Sihaba alirudi nyumbani mchana, saa tisa, kabla ya muda wake. Alimtuma Zaina kwa jirani, akafunga mlango. Akamimina maji, akayaacha mezani.

"Dada Tatu," akasema, "wewe kwenu ukiona kitu, huwa unafanyaje ili usiwe umekiona?"

Nilimwambia akae. Akakaa sakafuni, si kwenye kiti, akanieleza akiwa ameukazia macho ukuta.

Ulikuwa msimu wa homa. Zahanati zote za Bilakosa zilikuwa zinasubiri sharubati ya homa ya watoto, na kiwanda kilikuwa kimemaliza toleo jipya, yaani chupa zote zilizojazwa kutoka tangi moja: chupa elfu nne. Siku mbili kabla, Sihaba alipima ute mtamu unaotiwa humo ili dawa inyweke, kutoka pipa lililoletwa na ghala. Lebo ilikuwa sahihi, namba sahihi, sahihi za wakubwa zilikuwepo. Leo alikuwa akiosha lile pipa tupu. Maji ya moto yalipolimwagikia, lebo ilibanduka. Chini yake palikuwa na lebo nyingine.

"Imeandikwa nini?"

"Maji ya kupozea mitambo. Si ya kunywa." Akafuta midomo yake kwa kiganja kana kwamba maneno yenyewe yana sumu. "Ni mazito vilevile. Hayana rangi vilevile. Na utamu ni uleule, Dada Tatu. Mtoto atakunywa na kulamba kijiko."

Najua kinachofanywa na maji yale katika figo za mtoto. Nilisomea.

"Chupa ziko wapi?"

"Ghalani. Zinaondoka kesho saa nne asubuhi."

"Basi tuseme sasa hivi!"

"Nikisema, nimelitia mimi. Ndivyo itakavyoandikwa: Sihaba binti Mzuzuri aliwatilia watoto sumu. Nitavushwa. Na Zaina hatavuka nami, mtoto wa waonaji wawili hulelewa na kiwanda. Nimeligeuza lile pipa, lebo ikaelekea ukutani. Nimejiambia sikuona. Nimejiambia hivyo njia nzima, na kila mtoto niliyepishana naye nilimtazama kama ana homa."

Sikumlaumu. Nami nina mtoto, na nilijiuliza ningefanya nini. Kisha likanijia wazo lililonifanya nijione mwerevu. Mimi ni mgeni, nikamwambia, sheria yao hainihusu. Nitakwenda kuliona mimi. Sihaba alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia.

Kesho yake saa mbili nilikuwa mbele ya meza ya Bwana Faki. Nilimwambia nina jambo la kulieleza baraza kuhusu toleo la sharubati. Kalamu yake ilisimama hewani.

"Ni jambo la kusikia au la kuona?"

"La kuona."

"Bibi mgeni," akasema kwa sauti ya chini, "naomba ukalale. Umechoka." Nilipokataa alifumba macho kidogo, kisha akaenda kupiga kengele. Baraza likakutana mara moja, kwa maana hakuna wanachokipenda kama hoja isiyokuwa na kifungu.

Hawakuniuliza nilichokiona. Walijadili kama ninayo macho. Mjumbe wa kwanza alisema mgeni hana namba ya kazi, na asiye na namba hana viungo vinavyotambulika kisheria. Kwa hiyo hapana kosa, tunywe chai. Wa pili alisema kwamba ikiwa mgeni anakula chakula chetu, basi nguvu ya jicho lake inatokana na chakula chetu, na jicho ni letu. Yule mama mzito akanyoosha kidole.

"Mgeni analala kwa nani?"

"Kwa Sihaba wa mizani," Bwana Faki akajibu, bila hiari yake.

"Basi ni wazi. Mgeni ni mzigo wa mwenyeji. Alichokiona mgeni kimeonwa na mwenyeji."

Wakapiga makofi mezani. Nilikuja kumwokoa Sihaba, na kwa ulimi wangu nimemvusha kijito. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini.

"Sijasema nimeona," nikasema haraka. "Nimeuliza tu kama ninaruhusiwa kuona."

"Swali zuri," akasema Mzee Mlekwa kutoka kiti cha mbele, ameelekeza uso upande ambao sikuwepo. "Lastahili siku saba za mjadala. Karani, andika. Shughuli nyingine ziendelee kama zilivyopangwa."

"Na chupa?" nikauliza.

"Chupa zinaondoka saa nne, mwanangu. Imeshaandikwa."

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Sihaba aliingia na koti lake jeupe, bila miwani. Mkononi alishika karatasi iliyolowa, ameitandaza juu ya kiganja kama mtu aliyebeba samaki. Wajumbe wawili walifunika nyuso zao.

"Mgeni hakuona kitu," akasema. "Nimeona mimi. Kuna pipa lililoingia katika sharubati, na hii ni lebo yake ya kweli. Ni maji ya mitambo. Watoto watakufa. Liandikeni, ni langu."

Kisha taratibu ikachukua nafasi yake, maana katika nchi zenye taratibu nyingi hata hofu hupanga foleni. Bwana Faki alifungua kitabu kikubwa ambacho hakikuwa kimefunguliwa kwa muda mrefu, akasoma hatua. Jina la mwenye kosa. Likaandikwa. Toleo. Likaandikwa. Sheria inataka kosa liondoke na mwenyewe lote, lisibaki hata tone, kwa hiyo chupa zote zihesabiwe. Akatumwa mtu ghalani, naye akarudi baada ya robo saa akihema.

"Elfu tatu mia tisa tisini na tisa."

"Zilijazwa elfu nne," Bwana Faki akasema. Akapekua kurasa. Kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. "Chupa moja imetoka jana jioni. Chupa ya heshima."

Ilikuwa desturi: chupa ya kwanza ya kila toleo hupelekwa nyumbani kwa Mwangalizi Mkuu, kuonyesha imani yake. Kwa kawaida huwekwa kabatini tu.

Mzee Mlekwa aliinuka polepole. "Mjukuu wangu ana homa," akasema. "Tausi. Ana miaka miwili. Nilimwambia mama yake ampe kijiko kimoja asubuhi hii." Akapapasa meza, akagonga kiti, kiti kikaanguka. "Nani atanishika mkono? Nani anaona njia?"

Kila mjumbe aliinamia vidole vyake. Kuiona njia nako ni kuona.

Sihaba alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Tulitoka mbio, yule mzee katikati yetu, viatu vikimtoka, akirudia jina moja tu njia nzima. Watu walijibanza kando. Nyumba yake haikuwa mbali, lakini sijawahi kukimbia njia ndefu kama ile. Nilikuwa nikihesabu saa tangu asubuhi: kijiko kimoja, mtoto wa miaka miwili, uzito gani?

Mlangoni tulimkuta mkwe wake, mwanamke kijana, amempakata mtoto na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji. Alipomwona mzee katika hali ile alipiga magoti.

"Nisamehe, baba. Nisamehe. Najua uliniagiza."

"Umempa?" Mzee Mlekwa alipiga kelele. "Dawa, umempa?"

"Sijampa, baba. Kwenye chupa pameandikwa apewe baada ya kula, na tangu alfajiri anakataa uji. Nimembembeleza, anatema tu. Nilikuwa najaribu tena hapa." Akanyoosha mkono kwenye dirisha. Chupa ilikuwa pale, kizibo hakijavunjwa.

Nilikaa kizingitini nikacheka na kulia pamoja, na sioni haya kulisema. Sihaba aliichukua ile chupa akaikagua juani, akaigeuza mara tatu, kisha akaiweka katika mfuko wa koti lake na kuushikilia kwa nje. Mzee Mlekwa alikuwa ameshika mguu wa mtoto, anahesabu vidole vyake. Tausi, aliyeukataa uji, alimtazama babu yake kwa uchovu na kupiga mwayo.

Baada ya muda yule mzee akasema, "Sihaba."

"Naam, mzee."

"Uliona nini hasa? Nieleze tangu mwanzo. Usiache kitu."

Akamweleza. Alimsikiliza ameinamisha kichwa, akauliza pipa lilitoka safu gani ya ghala, nani alilipokea, na kama yapo mengine. Yalikuwa maswali mazuri. Nilitambua kwamba mtu yule aliwahi kuijua kazi hii, zamani, kabla hajapandishwa cheo.

Tuliporudi barazani wajumbe walikuwa wametayarisha hati ya kumvusha Sihaba kijito, imebaki sahihi ya Mwangalizi Mkuu tu. Akaishika, akainusa wino, akairudisha mezani.

"Karani, ongeza jina langu. Nimeliona na mimi."

"Mheshimiwa," Bwana Faki akasema kwa taabu, "wewe huoni."

"Nimeliona tangu hapa mpaka nyumbani kwangu, hatua kwa hatua. Liandike."

Bwana Faki akaandika. Kisha akabaki amelitazama daftari, na kalamu ikatulia juu ya karatasi muda mrefu. "Miaka ishirini nimeandika," akasema, kama anayezungumza na nafsi yake. "Siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona." Akashuka mstari mmoja, akaandika jina lake mwenyewe chini ya lile la mzee, kwa mwandiko uleule mzuri.

Habari ilitoka nje haraka kuliko sisi. Wa kwanza kuja alikuwa mchukuzi wa ghala, akasema kumbe na yeye aliliona pipa lile lina lebo nene isivyo kawaida, akanyamaza. Akaja dada wa kujazia chupa, alimwona nzi. Wakaja wa tangi, wa mizani, wa mihuri. Foleni ilizunguka jengo. Kufikia saa kumi jioni daftari lilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili, na wengi walikuwa wanasema makosa ya miaka mingi huku wakipumua kama watu waliovuliwa viatu vya kubana.

Baraza likawa na tatizo la makazi. Mtaa wa Waonaji una nyumba thelathini. Kifungu hakiruhusu kufuta sheria, maana kuifuta ni kukiri ilikuwa na kosa. Walijadili mpaka jua likakaribia kuzama, na hatimaye yule mama mzito akapata njia, nami nampa sifa zake. Badala ya kuwahamishia watu wote mtaani, alisema, tuhamishe mpaka wa mtaa. Ikapigwa kura. Kuanzia siku ile Mtaa wa Waonaji ukaanzia kijitoni ukaishia mwisho wa nchi, kila upande. Sheria bado imo kitabuni, neno kwa neno. Haina pa kumpeleka mtu.

Chupa zote elfu nne zilimwagwa na kuharibiwa mbele ya mashahidi. Waliokuwa ng'ambo waliitwa kusaidia, wakalipekua ghala pipa kwa pipa, wakakuta mengine mawili yenye lebo juu ya lebo. Ilichukua siku kumi kutengeneza sharubati mpya, kila kipimo kikisomwa na watu wawili kwa sauti. Siku zile zilikuwa ngumu kwa wazazi, lakini wauguzi walizunguka na vitambaa vya maji na maji ya chumvi na sukari, na hakuna mtoto aliyepotea. Tausi alikunywa uji siku iliyofuata, akaomba mwingine. Kiwanda kiliandika makosa mia tatu na sita katika wiki mbili, nami nilisaidia kuyapanga. Sikumbuki kuifurahia kazi yangu namna ile.

Siku ya kuondoka kwangu ndipo Mabruki aliporudi nyumbani, kwa sababu hakutaka kuliacha ghala kabla pipa la mwisho halijakaguliwa. Zaina alikwenda kumpokea kijitoni, akaja amening'inia mkononi mwake. Sihaba alikuwa mlangoni. Walisalimiana kwa heshima, kama watu wasiojua waanzie wapi baada ya miaka sita ya kutazamana tu. Mabruki aliingia, akasimama katikati ya chumba, akazungusha macho polepole.

"Bawaba ya mlango huu imelegea," akasema.

Akainua kichwa.

"Na paa linavuja pale pembeni. Mguu wa meza nao ni mfupi. Mama Zaina, umekaa humu hivi hivi?"

Sihaba alikaa kitini, akafunika mdomo kwa khanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kisha nikausikia mcheko wake, mcheko mkubwa ambao sikujua kama anao.

"Endelea, baba Zaina," akasema akijifuta machozi. "Na wapi tena?"